Sahani Iliyoondolewa

Mjukuu wangu Mwanasha,

Salamu zako zimefika. Hapa Mwabungo tu wazima, na mguu wa babu yako umepona, alhamdulillahi. Umeniuliza kama huko Italia ni aibu kukubali chakula mara ya kwanza.

Nilipokuwa yaya wa familia ya Kitaliano hapa Diani, walinichukua kwao tukazunguka vijiji vya milimani siku nne. Kila nyumba tuliandaliwa mkate, jibini na maharage. Nami, kama nilivyolelewa, nilishika tumbo kuonyesha nimeshiba, nikangoja nishurutishwe. Hakuna aliyenishurutisha. Sahani iliondolewa, nikabaki kutabasamu.

Siku ya tatu, bibi mwenye nyumba alikuwa ameshainua sahani yangu tumbo liliponguruma, na meza nzima ikasikia. Akasimama, akanitazama, akairudisha. Nikaitikia kwa kichwa kabla hajauliza. Alinijazia mara tatu, na sijui nani alifurahi zaidi, mimi au yeye.

Basi wakikukaribisha, kula, mwanangu. Ila ukirudi nyumbani ukatae kwanza, hata mara moja tu, nipate raha ya kukushurutisha.

Bibi yako,
Mwanakombo