Maporomoko Chini ya Dirisha

Mdogo wangu mpenzi,

Miguu imegoma, lakini mkono bado unaandika, basi nikiri mwenyewe. Yale mawe uliyonichagulia mtoni kwa ajili ya kaburi langu, nimeyajengea bwawa na maporomoko ya maji chini ya dirisha.

Mwashi alisita. "Bibi, haya si ya kaburi?"

"Kwani nimeshakufa?"

Akacheka, akaliweka juu lile jiwe bapa ulilotaka lichongwe jina langu. Sasa maji yanateremka juu yake, nami nayasikia nikiwa kitandani.

Mwanangu amenuna, anasema nitazikwa bila hata kokoto. Na iwe hivyo! Nikifa, msing'oe hata jiwe moja. Nilazeni kwenye udongo mtupu, kisha wewe kaa hapa dirishani usikilize.

Dada yako, mkaidi yule yule