Maji Yasiyotakiwa Kukatika

Jumatatu, 4 Agosti
Pikipiki tano zimeoshwa hapa kabla ya chai. Mgongo unauma. Wateja wanajioshea wenyewe, ndiyo maana nilitaka mashine ya maji, lakini kuwasimamia nako ni kazi. Kidude kilicho ndani ya sanduku la mashine fundi anakiita rele. Mteja akibonyeza, pampu inavuta maji. Muda ukiisha rele inaikata, tak, na kuipumzisha mpaka kisima kijae. Pampu ya kwanza iliungua kwa kuvuta hewa. Hii ikiungua sina nyingine.

Dereva mmoja kalipiga sanduku teke. "Mama, kamashini yako kako na kiburi!" Apige tu. Kiburi hicho ndicho kinachonilisha.

Jumatano, 6 Agosti
Kiangazi kimekaza. Kisima kinajaa kwa uvivu. Fundi amerefusha muda wa kupumzika. Amenionya nisiunganishe waya moja kwa moja, hata watu wakinililia.

Kisima hiki alikichimba marehemu mume wangu wakati wa vita, hapa hapa Mikelenge. Askari walikaa kando ya mto, na si wanawake wote waliokwenda kuteka maji waliorudi. Aliniambia sitashuka tena mtoni. Sijashuka. Vita viliisha, yeye akafa, mimi bado. Naogopa, basi.

Ijumaa, 8 Agosti
Mama mkwe amefariki alfajiri. Ulimi wake ulikuwa mkali, na alinipenda. Nimelia nikiwa nafua. Sikufungua kazi.

Jumamosi, 9 Agosti
Tumemzika asubuhi. Shemeji Ramazani, mdogo wa mume wangu, ndiye aliyembeba kwa gari lake aina ya jipu. Kwetu gari lililobeba maiti haliingii nyumbani kabla ya kuoshwa, na likishaanza kuoshwa maji hayakatwi. Amelileta kwangu, ukoo mzima nyuma yake kwa miguu. Povu limefika milangoni. Tak.

Wote wakanitazama mimi.

"Semeki, fungula mayi," Ramazani akaniambia mimi shemeji yake. "Hatuwezi kurudia ku nyumba na nusu ya lufu."

Nusu ya kifo. Kisima kilikuwa kikavu, nilijua. Nimefungua sanduku, nimeunganisha waya. Maji yakatoka kidogo, pampu ikakohoa, kisha harufu ya kuungua. Imekwisha. Na povu linakauka juu ya jipu.

Hasira imenijaa. Kwao, kwa marehemu mama mkwe, kwangu mwenyewe. Nimechukua ndoo nikaanza kushuka mtoni bila kumwambia mtu. Mara ya kwanza tangu vita. Katikati ya mteremko nikasikia ndoo nyingine zinagongana nyuma yangu. Sikugeuka. Tulipanda na kushuka mpaka jipu likawa safi.

Jumapili, 10 Agosti
Mwili wote unauma. Wageni wa matanga. Nimepika, nimelala.

Jumatatu, 11 Agosti
Fundi amekuja. Pampu haitengenezeki, ameing'oa. Hakunilaumu, na hilo limeniuma zaidi. Rele ni nzima. Alipoijaribu ilihesabu muda wake vizuri, tak, ikakata pampu isiyokuwepo. Nimemwomba aizime.

Yule dereva wa teke amefika na pikipiki yenye tope. Akabonyeza. Akabonyeza tena. "Mama, mayi iko wapi?"

Nikamwonyesha mto. Nilidhani atawasha pikipiki aondoke. Akachukua ndoo mbili ukutani, moja akanipa.

Tumeshuka. Asubuhi maji ya mto ni baridi. Nilikuwa nimesahau.