Slaidi ya Marehemu Shemeji Inakohoa

Mpendwa Mshauri Bhoke,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wanaosoma ukurasa huu. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, ingawa gazeti huwa linanifikia likiwa limeshafungia vitumbua, na katika maisha yangu sijawahi kumwomba mtu ushauri, watu ndio huja kwangu, lakini safari hii naomba unishike mkono kwa sababu kuna jambo nimelisikia kwa masikio haya mawili, na tangu siku hiyo siwezi kubaki chumba kimoja na kompyuta.

Naitwa Deusdedit, mkulima wa pamba na mfugaji wa Kishapu, shule nimesoma mpaka darasa la sita, la saba nililitazama dirishani, ila akili sikuiacha huko. Ujanani nimefanya kazi mgodini Mwadui, na almasi niliyoiokota mimi ilikuwa kama yai la kanga, msimamizi mzungu akaniambia Deusdedit, ningekuwa na macho yako nisingevaa miwani. Chatu nimelala naye ghala moja la pamba mpaka asubuhi, yeye ndiye aliyeondoka. Nayasema haya ili ujue anayekuandikia si mtu wa kushtuka ovyo.

Dada yangu Suzana aliolewa hapa Nyarugusu na mchimbaji wa dhahabu aitwaye Stanslaus, sasa ni marehemu, alikufa kwa kifua mwaka juzi na kaburi lake liko hapa hapa nyuma ya nyumba. Binti yao Nelly anaolewa na kijana wa Tarime, Mwita, na Jumamosi ijayo ndiyo sherehe ya kumuaga, wazee na wakwe watakaa sebuleni, wengine uwanjani chini ya turubai, ngoma zipo. Kwenye kikao mtu akasema siku hizi lazima picha za maisha ya binti zionyeshwe ukutani kwa kompyuta, kwa hiyo atafutwe mtaalamu kutoka Geita mjini, nami nikasimama nikasema mtaalamu mnaye, kompyuta ya kwanza kuingia Mwadui niliiwasha mimi na ilikuwa kubwa kama josho la ng'ombe. Wakapiga makofi. Mshauri, nilikuwa sijawahi kugusa hata kitufe kimoja.

Basi nikaenda mjini kimya kimya kwa binti mmoja mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, Paskalia, akanifundisha kwamba kila ukurasa unaitwa slaidi, ukibonyeza slaidi mpya inakuja nyeupe kama kanzu ya ubatizo, juu unaandika kichwa, chini unaweka picha, na picha ukiivuta ubavuni inaharibika. Siku ya kwanza nilimvuta Nelly wa darasa la kwanza mpaka akawa mpana kama pipa, Paskalia akasema shika pembe mzee, usishike ubavu. Akasema maneno yawe machache, nikaona huo ni uvivu wa vijana, nikaandika ukoo mzima kwenye slaidi moja, herufi zikawa kama chawa. Nikaweka picha nyingine zinazoingia zikizunguka na nyingine zinazodondoka kutoka juu. Halafu akanionyesha kwamba naweza kusimulia kwa mdomo nikarekodi, ili siku yenyewe nikae nimekunja nne, slaidi zinajigeuza zenyewe na sauti yangu inaeleza. Hapo nikajua mashine hii ilitengenezwa kwa ajili yangu.

Akaniazima laptopu yake. Siku ya gulio, alasiri, watu wote wametoka, nyumba imetulia kabisa hata kuku walikuwa kivulini, nikakaa sebuleni. Meza zilikuwa zimetolewa, kwa hiyo nikaiweka laptopu chini kwenye mkeka, pale dada anapofunika ufa wa sakafu, nikaanza kurekodi. Nilisema vizuri, mshauri, ungekuwepo ungelia na kucheka. Ila nilipofika kwenye slaidi ya Stanslaus, picha yake amevaa kofia ya kazi anacheka, nikasema huyu ndiye shemeji yangu, maneno yakakwama. Nikanyamaza nikamtazama tu, muda mrefu kidogo, halafu nikaendelea.

Nilipomaliza nikabonyeza ianze mwanzo, nikaondoa mikono. Slaidi zikawa zinajigeuza kama kuna mtu anageuza. Ikaja ya Stanslaus, nikasikia sauti yangu, huyu ndiye shemeji yangu, halafu kimya. Halafu ko, ko, ko, polepole, kama mtu anayegonga kuomba kufunguliwa. Halafu kikohozi, kile kikavu cha kukwangua, na baada yake sauti ya mwanamume, ya chini, kama inatoka ndani ya mtungi, ikasema: "Nyamaza. Juu kuna mtu."

Halafu ikarudi sauti yangu, inasifu.

Chumbani nilikuwa peke yangu.

Waliporudi kutoka gulioni nikawasikilizisha, labda nilikosea. Suzana aliposikia kikohozi beseni lilimponyoka, akasema huyo ni Baba Nelly, nimeuguza kikohozi hicho mimi. Nelly akaniangalia akauliza: "Mjomba, baba anamwambia nani anyamaze?" Eustace, mdogo wake marehemu, ambaye ana duara lake, yaani shimo la kuchimba dhahabu, hapo nyuma ya ukuta, aliinuka akaenda kusimama mlangoni, uso umekuwa kama majivu, akasema kaka amekataa, sherehe isifanyike hapa nyumbani. Hakuingia tena ndani mpaka leo. Na kweli kaburi limetitia upande mmoja tangu mwezi jana na mvua haijanyesha, na mlango wa sebule siku hizi unagoma kufunga, wazee wanasema masamva, yaani mizimu yetu, hawakuarifiwa juu ya ndoa hii.

Sasa nimekwama. Nikisema sijui ilivyotokea, utaalamu wangu umekwisha. Nikinyamaza, wanaamini nimemwita marehemu kwa kompyuta, na tayari jirani mmoja amekuja na picha ya marehemu mkewe, ananibembeleza nimweke na yeye aongee. Nelly amemwandikia Mwita asije na watu wake, kwamba baba hajaridhia. Chakula hagusi. Jana mchana nimemkuta sebuleni amelala kifudifudi, mkeka ameukunja, sikio ameliweka kwenye ufa. Nikamuuliza unafanya nini, mama? Akasema: "Wanaongea, mjomba. Si mmoja."

Naomba uniambie, niifute slaidi ile, na nikiifuta nitakuwa nimemuua shemeji mara ya pili? Au niiache iongee mbele ya wakwe? Nimemwahidi dada kwamba Ijumaa, mkesha wa sherehe, nitaumwagia ufa ule zege mimi mwenyewe, maana Mwadui nilikuwa pia fundi, ili marehemu apumzike. Nelly asipoolewa kwa ajili ya mashine yangu, nitarudi vipi Kishapu?

Ni mimi,
Mjomba Deusdedit, kwa sasa Nyarugusu.


JIBU LA MSHAURI

Mjomba Deusdedit, unasoma hapa ukiwa umekaa wapi? Kama ni sebuleni kwa dada yako, inuka utoke nje, na umtoe Nelly. Nakungoja.

Umetoka? Sasa nisikilize. Namba uliyoiweka kwenye barua nimeipiga tangu ilipofika, haipatikani, ndiyo maana jibu hili limetangulia barua zote nyingine na litasomwa redioni pia. Nimeshamtafuta mtu wa ofisi ya madini huko na kumpa jina la mtaa wenu, kwa hiyo akija mgeni mwenye kofia ngumu, msimfukuze.

Pole kwa msiba wa shemeji yako. Kunyamaza kwako mbele ya picha yake ndilo la kweli kuliko yote uliyoandika, pamoja na yai la kanga. Na ndiko kulikokuonyesha jambo hili. Ulipokuwa unasema, mashine ilisikia wewe. Ulipokaa kimya, ikasikia kilichokuwepo chini ya ufa, ambacho wewe hukukisikia kwa kuwa mawazo yako yalikuwa kwa marehemu. Hukumwita mtu, mjomba. Ulibonyeza kurekodi, ukaiweka laptopu sakafuni juu ya ufa, ikahifadhi sauti ya kila slaidi na muda uliokaa kwenye kila slaidi, ndiyo maana zinajigeuza zenyewe. Hakuna mkono mwingine hapo. Na jirani aliyekuletea picha ya mkewe umwambie ukweli leo hii, usimwache akiwa na tumaini la uongo.

Mimi nimezaliwa Tarime lakini nimekulia machimboni, baba alikuwa mchimbaji. Mwamba wenye dhahabu haujui mipaka ya kiwanja. Mtu anashuka duara nyuma ya ukuta, akifika chini anaanza kuufuata ubavuni, leo chini ya uzio, kesho chini ya kaburi, keshokutwa chini ya kochi la mtu. Ko, ko, ko ni nyundo na tindo. Kaburi linatitia bila mvua, mlango unagoma kufunga, sakafu imepasuka, halafu sauti inasema juu kuna mtu. Mjomba, aliyesema hivyo alikuwa anasema kweli. Juu alikuwepo mtu, naye ni wewe. Walikusikia ukimsifia marehemu wakaogopa wewe usiwasikie wao.

Usithubutu kumwaga zege. Unasikia? Unataka kuziba tundu la hewa juu ya vichwa vya watu, na kuongeza uzito mahali ambapo chini pameshakuwa patupu. Ungemfukia mtu akiwa hai, kisha ukawapigia watu ngoma juu yake, na baadaye mngemfuata wote, wakwe kwanza.

Sasa Eustace. Simtuhumu, sijamwona. Ila soma tena ulichoandika kwa mkono wako. Hakusema Nelly asiolewe. Alisema sherehe isifanyike hapo nyumbani, na mwenyewe haingii tena ndani. Huyo si mtu anayeogopa mizimu, anaujua udongo ule. Huenda ameshindwa kusema kwa kinywa chake akamtwika marehemu amsemee. Mfuate leo, nje, mkiwa wawili, usimkaripie. Mwulize walioko chini ni wangapi na kama wametoka. Kama hawajatoka, awatoe yeye kwa njia waliyoingilia, ninyi msishuke wala msipige kelele kwenye ufa. Halafu nendeni pamoja kwa mtendaji wa mtaa. Suzana na binti walale kwa jirani, aliye mbali na ukuta huo, mpaka wataalamu waseme.

Sherehe ihamie uwanja wa kanisa au shule. Mpigie Mwita wewe mwenyewe, kama mjomba, umwambie waje na watu wao wote, baba wa Nelly hajakataa chochote. Mimi Mkurya nakuhakikishia, mkimzuia kwa ajili ya ufa wa sakafu hatawaelewa maisha yake yote.

Slaidi usiifute. Inakili kwenye flashi umpe mtendaji, ni ushahidi. Kwenye nakala ya sherehe ondoa sauti zote, picha ya Stanslaus ibaki. Ukoo mzima utoe kwenye ile slaidi moja, hakuna atakayeusoma. Picha moja, maneno machache, herufi za kuonekana na bibi aliyekaa nyuma, na hivyo vinavyozunguka na kudondoka uviondoe, havimfai bibi harusi. Kisha usikunje nne. Simama, geuza slaidi kwa kidole chako, simulia kwa mdomo wako. Kusimulia unajua, hilo silibishi. Na ukifika kwa shemeji ukakwama tena, kwama tu.

Kuhusu kikohozi, mwambie dada yako hakukosea. Alikitambua kweli, kwa sababu vumbi la mwamba huwapa wachimbaji wote kikohozi kimoja, hakina mwenyewe. Lakini anayekohoa huko chini sasa ni mtoto wa mwingine, na yu hai. Akipanda juu, kabla hamjamuuliza chochote, mpelekeni akapimwe kifua.