Pahali pa Mbele ya Ngoma

Kasongo, siku ya posho, kisha isha

Kiuno kinaniuma, lakini leo si kiuno kinachoniudhi.

Tangu mwezi mupya Mama mukwe ananifundisha ngoma ya wanawake, ya kucheza kwa arusi inayokuja, kule uani. Mabega yatulie, anasema kila siku, kiuno peke yake kizunguke. Shuleni kwa masista, musichana akitikisa kiuno alikula fimbo. Kwa hiyo nilianza muzito kama kinu, nao wanawake wa ua wakanicheka.

Lakini nilipenda, sitasema uongo. Ndani ya ua ule hakuna bwana, hakuna muzungu, hakuna wa kukuita. Ni kanga kiunoni, jasho na kicheko. Mutu anakumbuka kwamba mwili wake iko wake.

Leo walinisukuma mbele, karibu kabisa na ngoma. Nikafikiri ni sifa, kwamba sasa nimejua. Nikacheza mpaka kanga ikafunguka, wakapiga vigelegele.

Nikauliza, "Mama, arusi yenyewe ni ya nani?"

Alikuwa ananifunga kanga. Hakuinua uso.

"Ya bwana yako, mwanangu. Anaoa kule Nyangwe. Pale mbele ni pahali pa muke mukubwa. Anacheza, watu waone hana wivu."

Wote walijua. Wote wale niliocheka nao.

Bwana amekula, amelala, hakuniambia neno.

Nitacheza. Nitafanya nini ingine? Na sasa ninaelewa kwa nini Mama alisumbuka hivi na mabega yangu. Mutu akilia, mabega ndiyo yanamusema.