Makopo ya Mchanga

Malindi, Jumanne, mwezi wa nane, 1986

Manyunyu tangu alfajiri, na upepo wa kusi haujatulia. Mapaja yananiuma, lakini ni maumivu ya kazi, na hayo nayapenda.

Miezi saba sasa naswali juu ya kiti. Kwenda chini nakwenda, kuinuka siinuki mpaka nishikwe makwapa. Nikadhani ndio uzee. Kisha daktari wa viungo, msichana wa bara, akaniuliza nyumbani nafanya kazi gani. Nikajibu kwa maringo kwamba sifanyi kitu, nimepata mkaza mwana mwema.

"Basi huyo mwema ndiye aliyekumaliza miguu, mama," akasema.

Kweli tupu. Tangu Rehema aolewe na mwanangu Swaleh, sijateka maji wala sijakalia mbuzi kukuna nazi. Nikigusa ndoo, huja mbio kuninyang'anya. Mke akimwacha mama mkwe ateke maji, mtaa utamsema. Nami nilijiachia, nikafurahia kutumikiwa. Nakiri.

Daktari alinipa kazi: kukaa kitini na kuinuka bila kushika kitu, mara kumi, asubuhi na jioni. Tena ninyanyue makopo mawili ya maziwa ya unga yenye mchanga, na nikiyazoea niongeze mchanga. Kwa kumstahi Rehema nikawa nafanya chumbani, mlango nimeurudisha.

Ijumaa jirani yangu Bi Zuhura akapiga hodi moja na kuingia. Akanikuta nahema, jasho linanitoka, makopo mikononi. Kufika Jumapili, mtaa wetu mzima wa Muyeye unajua kwamba Rehema anamtesa mama wa watu kwa kazi. Rehema akalia jikoni. Swaleh akaniomba kwa upole, "Mama, yaache hayo makopo. Pumzika, sisi tupo."

Nilimpenda kwa neno lile, na lilinitia hofu. Kupumzika ndiko kulikonifikisha kitini.

Leo kabla ya alasiri nilitoa kiti na makopo nje barazani, nikaanza kuhesabu kwa sauti. Bi Zuhura akatokeza mlangoni kwake.

"Jirani, kazi hii nimejitwika mwenyewe," nikamwambia. "Njoo nawe ufanye, magoti yako nayajua yanavyokuuma."

Akacheka, hakuja.

Adhana ilipolia nikatandika msala sakafuni. Rakaa ya kwanza nilimaliza sijda zote mbili. Nikaweka viganja chini, nikainua goti moja, nikasimama. Niliyumba, lakini nilisimama.

Mara ya pili pia. Mara ya tatu miguu ilikataa, nikamalizia nimeketi.

Nilipotoa salamu nililia, wala sikuona haya. Rehema alikuwa mlangoni, mikono ameifunga nyuma ya mgongo, anajizuia asije kunishika. Naye alikuwa analia.

Kesho natoka na ndoo kwenda kisimani. Sijui kati yangu na Rehema ni nani atakayeumia zaidi.