Ribiti za Jeneza Jipya

Kaole, Bagamoyo
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Mikidadi,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako ya kwenye simu niliipokea, marahaba. U hali gani huko Maskati? Kifua kimepoa? Shemeji Najma hajambo? Sisi wazima wa mwili. Matanga yamekwisha na watu wamerudi makwao.

Kwenye simu nilikwambia mama alizikwa bila tatizo. Nilikudanganya. Nakuandikia kwa sababu kwa mdomo siwezi.

Unalikumbuka jeneza la mbao la msikitini? Mwaka jana kamati ililiona la kishamba, ikataka linalong'aa. Mimi niliyefua mabati miaka thelathini hapa hapa sikuulizwa. Wakamleta Shamsudin kutoka Msata, bwana madirisha ya alumini, miwani ya jua hata akiwa ndani. Akakunja bati la alumini, akalilaza juu ya fremu ya chuma kitupu, akabana kwa ribiti za alumini, adhuhuri kazi imekwisha. Wazee wakampigia makofi.

Mtu wa wiki moja karakanani anajua kwamba huku pwani alumini na chuma havigusani hivi hivi. Unakata mpira wa tyubu unaweka katikati, unapaka na rangi. Usipofanya hivyo, chumvi ikipata unyevu alumini inalika, na ribiti ndiyo inayotangulia, maana ni ndogo. Na jeneza linaoshwa kila baada ya maziko! Lakini Shamsudin chumvi anaijua kwenye mchuzi tu.

Basi tulipokata kona ya makaburini, upande wa kichwa ukaachia, ribiti zote nne. Bati likashuka, mama akateleza. Nikamdaka mimi. Alikuwa mwepesi, Mikidadi. Sikujua kama amekwisha kiasi kile. Tukamfikisha kaburini mikononi.

Mzee Maulidi, mwenyekiti wa kamati, akasema ni kudura. Kudura gani? Ribiti zilikwishakuwa unga mweupe! Shamsudin naye alipopigiwa simu akauliza kama tulizidisha uzito. Mama yetu, uzito! Sijapata kumdharau mtu namna ile.

Sasa lililobaki ni langu. Ule unga niliuona tangu Ramadhani, tulipombeba marehemu Mwinyimvua. Niligusa kichwa cha ribiti kwa ukucha, kikamomonyoka. Nikanyamaza. Nilitaka jeneza lao liwaumbue kwenye msiba wa mmoja wao, waje kwangu wamenywea. Nilikuwa nikilisubiri lianguke. Wala sikujiuliza siku hiyo atakuwa amelala nani.

Shangazi Kuruthumu anakusalimu sana. Nisalimie Lulu, mwambie babake mkubwa anamkumbuka. Mungu akuhifadhi ugenini na akupe subira, maana mimi imenishinda.

Wako akupendaye, hata kama kuanzia leo hutaki,

Kaka yako Kibwana