Hana Maoni

Kibiti,
Jumapili, baada ya misa

Mama mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Naamini umeitikia kwa sauti ingawa uko peke yako barazani, maana ndivyo ulivyo. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa basi ilikufikia, au amejichua yeye? Mimi huku ni mzima, nakula vizuri, na mvua imetuachia kidogo hata matope ya sokoni yamekauka. Nisalimie jirani yetu Semeni, mwambie kanga alizoniagiza nimezipata na nitakuja nazo.

Nimeandika barua badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu utanikatiza, na hili nataka ulisikie lote. Najua umeshawatangazia akina mama wa jumuiya kwamba Aika ameitwa kuajiriwa Dar. Kaa kitako kwanza, mama. Siendi.

Kazi niliyokuwa nikiifanya unaijua juu juu tu, acha nikueleze vizuri. Huko nje kuna kampuni zinazowapandisha matajiri na watu maarufu kwa roketi mpaka juu kabisa kusiko na hewa, wakaelea dakika chache, wakashushwa. Hawaendi kutafuta kitu, ni matembezi. Wauzaji wa safari hizo walitaka kujua watu wa kawaida wanazionaje, mpaka watu wa Rufiji na Kibiti, basi wakaipa kazi kampuni moja ya utafiti ya Dar, nayo ikatuchukua wadadisi sita. Kila mmoja alipewa kishikwambi chenye swali kubwa moja: je, unakubali matajiri na watu maarufu waende angani kwa starehe? Majibu yalikuwa ya kubofya: Nakubali, Sikubali, Hana maoni.

Msimamizi wetu, Benedict, alitufundisha siku moja tu hapa Kibiti. Alisema mtu akijibu swali kwa swali, au dakika moja ikipita hajasema anakubali au hakubali, tubofye Hana maoni tusonge mbele, kwa kuwa tulitakiwa kumaliza kaya ishirini kwa siku. Alituonya kwamba huku watu wa namna hiyo watakuwa wengi. Nami nikaitikia, maana alikuwa ameshanidokeza ile nafasi ya Dar.

Mama, watu walizungumza! Kule kijiji cha Mtawanya nilimkuta Mzee Haruna akipalilia mikorosho yake. Alikuwa ameona kwenye simu tajiri mmoja akielea huku anacheka. Akaniuliza watu wakiwa kichwa chini miguu juu namna ile wanasali wakielekea wapi, na mtu asiyejua aelekee wapi atasemaje kwamba amestarehe. Alikuwa amejibu swali kwa swali, nikambofyia Hana maoni.

Kule Mbwara nilimkuta Mwanamkuu anapepeta mpunga, wala hakuuweka ungo chini kwa ajili yangu. Alinisimulia kwamba mwaka jana alimtoa mwali binti yake kwa ngoma ya siku mbili, na ofisa mmoja akaja kumsema mbele ya wageni eti anateketeza mavuno kwa starehe. Sasa akataka kujua hao wa roketi wao walifuatwa na ofisa gani. Tena akauliza, ikiwa mimi nimetumwa kwake kuulizia starehe za matajiri, nani ametumwa kwa matajiri kuulizia ngoma yake. Mwishoni alisema waende zao, ila na yeye aachwe acheze. Jibu hilo lilikuja dakika tatu zimeshapita, kishikwambi kikawa hakina habari nalo.

Mmoja wa waliopata Nakubali wiki hiyo alikuwa Bwana Ladha wa duka la mabati hapa mjini. Yeye alikubali haraka haraka, kwa sharti kwamba wampeleke na shemeji yake anayedai nusu ya duka, na huyo shemeji wasimkatie tiketi ya kurudi. Nilicheka mpaka nikaegemea kaunta.

Ijumaa ya wiki ya kwanza Benedict alituita akatuonyesha matokeo ukutani. Zaidi ya theluthi mbili walikuwa Hana maoni. Alifurahi. Alisema wenye kazi watapenda sana kuona huku hakuna anayezichukia safari zao, na kwamba si ajabu, mtu mwenye jembe mkononi hana nafasi ya kufikiria anga. Wenzangu wakacheka. Mimi nikasimama nikasema maoni watu wanayo, ni sisi tulioyatupa. Akanijibu mbele ya wote kwamba nimeajiriwa kidole, sikuajiriwa mdomo.

Basi nikakitumia kidole. Mwisho wa dodoso kuna kisanduku cha Maelezo mengine ambacho hakuna anayehangaika nacho. Nilikuwa nimewabofyia Hana maoni watu arobaini na watatu, na kwa siku nne, kwa pikipiki na kwa miguu, niliwarudia. Niliwaomba radhi, nikawauliza upya, nikayaandika maneno yao kama walivyoyasema. Mzee Haruna alinikaribisha korosho, akasema tangu siku ile ameongeza maswali mawili. Nilipomaliza nikayatuma yote Dar moja kwa moja, kabla Benedict hajayaona.

Jana akanijia na karatasi iliyokwisha kuchapwa. Ilisema maelezo yale niliyatunga mwenyewe kwa sababu ya uchovu. Nikisaini, nafasi ya Dar ni yangu. Nisiposaini, kazi imekwisha, na nisitegemee kampuni iniandikie barua ya kunitambulisha popote. Nilimrudishia karatasi yake na kalamu yake, na kishikwambi nikakiweka juu. Sijuti, mama. Akina mama wa jumuiya waambie hivyo hivyo, na asiwepo wa kunionea huruma.

Lakini usidhani umezaa shujaa. Lililonifanya nishike kalamu ni jingine, na nimelizunguka kurasa mbili hizi kwa woga.

Nyumba ya tatu, siku ya kwanza kabisa, ilikuwa yako. Nilikwambia nimekuja kikazi, ukanipa kiti cha wageni, ukazungumza huku unachambua mchele. Ulinieleza miaka yako ya ukunga kule deltani, ulivyokuwa ukivushwa kwa mtumbwi kwenda kwa wajawazito, maji yakikupata kiunoni. Kisha ukasema wale waliopanda juu wanarudi wanalia machozi, wanatutangazia wamegundua sisi sote ni wamoja, na kwamba hilo ndilo linalokuudhi kuliko roketi yenyewe. Mimi nilikuwa nakutikisia kichwa. Macho yangu yalikuwa kwenye saa ya kishikwambi. Dakika ilipotimia, nikabofya. Uliendelea kuzungumza nusu saa nzima na mtu aliyekwisha kuandika kwamba huna maoni, halafu ukanifungia ndizi za njiani. Nilizila, mama. Nisamehe.

Wale wengine arobaini na wawili wote niliwarudia. Kwako tu nilishindwa, aibu ilinishika. Jibu lako niliandika kwa kukumbuka, na kisanduku kinapokea herufi mia mbili tu, kwa hiyo nikachagua haya: “Siwakatazi kwenda, hela ni zao. Nawakataza kurudi kunihubiria kwamba sote ni wamoja. Nimezalisha watoto elfu mbili. Hilo nililijua nikiwa nimepiga magoti, si nikielea.”

Ofisi ya Dar imesema itazipigia simu kaya kumi kuhakikisha kama sikutunga, na yako imo. Wanaweza kukupigia wiki hii. Benedict anangoja kwa hamu walau mmoja aseme hakutamka vile, na kama kuna mahali nimekukosea, sema kweli, mimi nitasimama nayo. Ila ujue atakayepiga amefundishwa kungoja dakika moja. Usimwachie akate simu. Anza kule kwenye mtumbwi, na akikukatiza, rudi mwanzo.

Kwa leo niishie hapa. Nisalimie Padri, nisalimie na wale wa kwaya, hata yule anayeimbia puani. Jumatano natarajia kupanda basi la asubuhi kuja Chumbi, na mizigo yangu yote. Mungu akulinde, na goti usilipe kazi nyingi.

Ni mimi binti yako,
Aika